Siku sita baada ya dhoruba: Igogo, Kayenze, Nansio, Ukara

Kumbukumbu hizi ni za kazi. Zimeandikwa jioni kwa jioni na mafundi wa paa na wa mitumbwi waliozunguka kukagua kilichobaki baada ya dhoruba ya usiku mmoja katika Ziwa Victoria, Mwanza na visiwa vya Ukerewe. Zinawalenga wanaoshika nyundo, wenyeviti wa mitaa na watu wa mialo, yaani ufukweni mitumbwi inakotua.

Jina kwanza. Siku hizi upepo ukiezua vibanda viwili tu, kila mtu anasema kimbunga. Kimbunga chenyewe, kwa kipimo cha Wamarekani, kinahesabiwa upepo ukifika kilomita 119 kwa saa. Kinataka bahari yenye joto na mzunguko wa dunia wa kukisokota, na karibu na ikweta msokoto huo ni hafifu mno. Mwanza iko nyuzi 2.5 tu kusini. Pwani ndiko kunakokifahamu: Zanzibar Aprili 1872, mikarafuu ya Unguja ikalala chini, Lindi Aprili 1952, na Hidaya Mei 2024, iliyoishiwa nguvu ilipofika Mafia. Kinachopiga huku kwetu ni dhoruba ya radi. Wingu refu linamwaga mvua, hewa ya baridi inaporomoka nayo, na ikigusa chini inatawanyika kama ndoo ya maji iliyomwagwa sakafuni. Mara nyingi saa moja haiishi imeshapita. Bati lenyewe haliulizi jina la upepo.

Siku ya 1: Igogo na Mabatini

Kabla ya kuokota bati, lisome. Ni ombi gumu, maana asubuhi ya dhoruba kila mtu anakimbilia mabati yake kabla hayajapata mwenye mwingine. Lakini dakika kumi zinatosha, na yakishakusanywa rundo moja ushahidi umekwisha.

Angalia matundu. Yakiwa yamechanika na kuwa marefu, msumari ulibaki kwenye papi (mbao za kupigilia bati) na bati likapita juu ya kichwa chake. Hapo bati lilikuwa jembamba, au msumari haukuwa na kofia yake ya mpira. Bati likiwa limeruka na misumari yake, bado imenyooka, basi msumari uling'oka kwenye papi: ulikuwa mfupi, au mwororo, au papi ilishaoza. Bati likiwa limeondoka pamoja na papi, kilichoachia ni kiungo cha papi na kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa). Na paa zima likitua kwa jirani na kenchi zake, bati, papi na kenchi zilishikana vizuri kabisa. Hakuna aliyezifunga kwenye ukuta.

Igogo, juu ya mwinuko, bati moja la futi 10 lilikuwa limebanwa katikati ya majabali mawili kama barua iliyosukumwa chini ya mlango. Geji 32. Tulihesabu matundu: tisa. Sita kati ya hayo yalikuwa kwenye mabonde ya bati, matatu tu mgongoni. Kila tundu la bondeni lilikuwa na duara la kutu, na papi moja iliyobaki juu ya nyumba ilikuwa nyeusi na laini mahali palepale misumari ilipopita, ukucha ulizama. Msumari ukipigwa bondeni, maji ya mvua yanapita juu yake miaka yote, yanashuka nao, mbao inaoza kuuzunguka. Hilo paa lilianza kuachia mvua tatu nne zilizopita.

Hesabu ya upepo ni hii, na kila fundi aijue kichwani. Upepo wa kilomita 100 kwa saa unabeba nguvu ya karibu kilo 48 kwa kila mita ya mraba. Kwenye kingo na pembe za paa, upepo unapokata kona, mnyonyo wa kwenda juu unaweza kuwa mara mbili ya hapo. Bati la geji 30 lina uzito wa kilo zisizofika 3 kwa mita hiyohiyo. Upepo wa kilomita 50 tu unavuta robo ya ule wa 100, yaani kilo 12, na hata huo umeshaushinda uzito wa bati mara nne. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu inaongezeka mara nne. Ndiyo maana mawe na matairi yanayowekwa juu ya mabati hayasaidii, na Mwanza mawe hatujayakosa. Jiwe la kilo 10 linashika kipande chake kidogo, kisha linakuwa la kwanza kumwangukia mtoto.

Mambo ya kufanya tunayataja kutoka juu kwenda chini, kwa sababu nguvu inashuka hivyo: bati linaivuta papi, papi inaivuta kenchi, kenchi inauvuta ukuta.

Bati geji 28 ni bora kuliko 30, na 30 kuliko 32. Namba ikipanda, bati linapungua unene. Bati la futi 10 lenye mistari mitano ya papi linahitaji misumari kama 20. Kwenye mstari wa chini kabisa, wa kofia ya paa (kileleni) na wa pembeni, piga kila mgongo wa pili. Katikati ya paa, kila wa tatu panatosha. Msumari uwe na kofia ya mpira, upigwe mgongoni hadi mpira ushike bati bila kulibonyeza. Mgongo ukishabonyea, mpira hauzibi tena. Ule wenye shina lililosokotwa unashika kuliko mwororo. Kama ni mwororo na ncha imetokeza chini ya papi, mtu aikunje kwa nyundo kutoka ndani. Kazi hiyo ni ya saa mbili kwa nyumba ya vyumba vitatu, na hatukukuta hata nyumba moja ilikofanyika.

Papi zisiachane zaidi ya sentimita 90, na kwenye kingo ziwe 60. Papi iliyopigwa msumari mmoja wa inchi nne juu ya kenchi inashika kwa msuguano tu. Funga waya wa kufungia nondo, mikunjo miwili, uzunguke papi na kenchi, usokotwe kwa koleo hadi ulie. Mkanda wa chuma ni bora zaidi ukipatikana.

Kenchi kwa ukuta ndiko kulikoharibu zaidi, na ndiko kusikoonekana nyumba ikishapigwa plasta. Njia sahihi ni kuacha vipande vya nondo ya milimita 8 ndani ya renta (mkanda wa zege juu ya ukuta) siku ya kumwaga zege, vikunjwe juu ya mbao ya ukutani na kenchi. Nyumba iliyokwishajengwa bila renta ina njia ya pili: toboa ukuta kozi (mistari ya tofali) nne chini ya mbao, pitisha waya mzito, uzunguke tofali zote hizo na kenchi. Hapo paa likitaka kuruka, linabeba kozi nne za ukuta. Ukiufunga kwenye kozi ya juu peke yake, umelifungia paa tofali la kuruka nalo.

Kibaraza. Paa la nyumba lililorefushwa moja kwa moja kufunika kibaraza ni mkono ulioachwa wazi. Upepo unaingia chini na kulifunua lote kama kifuniko cha sufuria. Paa la kibaraza lijitegemee, lianzie chini ya ukingo wa lile kubwa. Likiondoka, liondoke peke yake.

Mabati yaliyookotwa yanarudi kazini. Yanyooshwe juu ya gogo kwa nyundo ya mbao, matundu ya zamani yazibwe kwa lami na kitambaa, misumari mipya ipite mahali papya. Lakini mafundi wengi wanaweka mabati mapya mbele yanakoonekana na ya zamani nyuma. Mapya yaende kingoni pande zote na chini ya kofia. Ya zamani yakae katikati, ambako mnyonyo ni mdogo. Na viatu viwe vigumu, glavu ziwepo: pepopunda haina haraka, inaweza kukufuata hata wiki mbili baada ya kuchanwa na bati.

Mabatini tulipita haraka. Huko tatizo si upepo bali Mto Mirongo, na nyumba za matofali mabichi zilizolowa kutoka chini. Anayedharau hili akumbuke Mwakata, wilaya ya Kahama, Machi 2015: mvua ya mawe ya usiku mmoja, zaidi ya watu 40 wakafa, wengi wao chini ya kuta za udongo zilizolainika. Msingi wa mawe wenye kimo cha sentimita 45 juu ya ardhi ungekata unyevu huo, na mawe, tumeshasema, yapo.

Siku ya 2: Igombe na Kayenze

Mitumbwi. Mingi haikuvunjwa na ziwa. Ilivunjana yenyewe. Ilifungwa ubavu kwa ubavu kwenye nguzo moja, mawimbi yakaja, na mmoja ukawa nyundo ya mwenzake hadi asubuhi. Tulikuta mbao za ubavuni zimepasuka kwenye kimo kilekile, mtumbwi baada ya mtumbwi. Taarifa ya upepo mkali ikitoka, injini ishushwe, mtumbwi uvutwe juu ya mchanga mbali na alama ya juu kabisa ya mawimbi, na nafasi ya mita mbili ibaki kati ya mmoja na mwingine. Usiovutika uachwe majini umetia nanga peke yake, omo (pua ya mtumbwi) likiangalia ziwa, kamba ikiwa na urefu wa mara tano hadi saba ya kina. Kamba fupi inaivuta nanga kwenda juu na kuing'oa. Ndefu inaivuta kwa ulalo, nanga inajichimbia.

Kubadili mbao iliyopasuka si kazi ngumu, ila haraka inaiharibu. Kata hadi katikati ya taruma (mbavu ya ndani ya mtumbwi) pande zote mbili, ili kiungo kipya kikae juu ya taruma. Kikining'inia baina ya mataruma mawili, wimbi la kwanza litakifungua. Misumari iwe ya zinki, ncha ikunjwe ndani. Ufa unazibwa kwa pamba iliyosokotwa, ikisukumwa kwa patasi butu tabaka kwa tabaka, kisha lami, kisha ukanda wa bati. Pamba isijazwe hadi kukakamaa. Mbao kavu ikiingia majini inavimba. Ikikosa nafasi inasukuma misumari nje, na mwenye mtumbwi anarudi kulalamika kwamba fundi kaongeza matundu.

Pembeni ya Kayenze injini ya farasi 15 ilikuwa imetolewa majini asubuhi ileile, na kijana ameshashika kamba ya kuwashia.

"Babu, niivute tuone kama bado ina uhai?"

"Iache, mjukuu wangu. Toa plagi kwanza. Ukivuta sasa, hayo maji yaliyomo ndani hayabanwi. Utapinda koni, mkono wa pistoni, halafu hapo ndipo itakufa kweli."

Babu alikuwa sahihi na utaratibu wake tunauandika kama ulivyo. Injini iliyozama ndani ya maji baridi ya ziwa haiharibiki haraka ikiwa majini. Kutu inaanza ikikutana na hewa. Kama fundi hapatikani hadi kesho, irudishwe ndani ya pipa la maji safi. Fundi akifika: ioshe nje kwa maji safi, toa kifuniko na plagi zote, ilaze matundu ya plagi yaangalie chini, vuta kamba polepole hadi maji yaishe kutoka. Fungua kabureta, mwaga kilichomo, kaushe. Mimina oili kidogo kwenye kila silinda, vuta tena mara kadhaa. Petroli ya zamani yote imwagwe kwenye chombo, isimwagwe ziwani. Kwa injini inayochanganyiwa oili mililita 400 kwa lita 20, tanki la kwanza lipewe mililita 800. Ikiwaka iachwe inguruma nusu saa hadi saa nzima ili joto litoe unyevu uliobaki. Na kama injini ilizama ikiwa inafanya kazi, kamba ikigoma kuvutika, usilazimishe; kuna kitu kimepinda, ifunguliwe.

Yote hayo yawezekane siku hiyohiyo. Injini iliyotolewa majini Jumatatu na kupelekwa kwa fundi Alhamisi ni chuma chakavu.

Siku ya 3: Mwanza hadi Nansio

Siku ya kusafiri, haina kazi nyingi. Meli ya asubuhi inachukua kama saa tatu.

Unapotoka bandarini unapita upande wa Bwiru, mahali MV Bukoba ilipopindukia tarehe 21 Mei 1996 na kuua mamia ya watu. Haikuwa dhoruba. Lakini kwa mtu wa uokoaji kuna somo la kiufundi pale. Meli ilikuwa imepinduka, sehemu ya chini bado inaelea, na watu waligonga kutoka ndani. Chuma kilipotobolewa ili kuwatoa, hewa iliyokuwa imeibeba ikatoka kwa kasi, na meli ikazama. Tutalirudia hili Ukara.

Kwa nini usiku? Mchana nchi kavu inapata joto kuliko ziwa, upepo unatoka ziwani kwenda nchini, mawingu yanapanda juu ya vilima jioni. Usiku mambo yanageuka. Nchi inapoa, ziwa linabaki na joto, na pepo kutoka pwani zote, Kenya, Uganda na Tanzania, zinakwenda kukutana katikati ya maji. Ziwa lenye kilomita za mraba karibu 68,800 linatoa mvuke wa kutosha, hewa inakosa pa kwenda ila juu. Ndiyo maana dhoruba nyingi za ziwani zinaiva kuanzia usiku wa manane hadi asubuhi. Wavuvi wa dagaa wanafanya kazi saa hizohizo, wakiwa na taa zao, katikati.

Dalili zake majini: upepo unakata ghafla, kunakuwa kimya kisicho cha kawaida, kisha hewa ya baridi inakupiga usoni kutoka upande wa wingu. Mstari mweusi unaonekana juu ya maji. Hiyo ni mbele ya upepo, na umebaki na dakika, si saa. Mtumbwi uelekezwe kwenye wimbi kwa pembe, si moja kwa moja wala ubavu. Mwendo upunguzwe ila injini isizimwe. Wote wakae chini sakafuni. Maji yafuliwe (yachotwe na kumwagwa nje) mfululizo: lita 200 ndani ya mtumbwi ni kilo 200 zinazokimbilia upande ule ule unaoinama. Injini ikizima, fungia ndoo au gunia lililo wazi mdomo kwenye kamba na ulitupe kutoka omo. Linashika maji na kuligeuzia omo upepo. Mawimbi ya ziwa ni mafupi na yamesimama wima kuliko ya bahari, ndiyo maana mtu wa pwani aliyezoea kuyapanda anashangaa huku.

Siku ya 4: Nansio na vijiji vyake

Leo ilikuwa siku ya makaratasi na maji.

Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 kazi ya tathmini inaanzia kwenye kamati ya kijiji au mtaa, inapanda hadi wilaya. Takwimu zinazopanda ni namba ya nyumba. Namba hiyo haitoshi. Nyumba iliyopoteza mabati manne na iliyopoteza paa zima zinaingia kwenye safu moja, na msaada unagawanywa sawasawa, blanketi mbili mbili. Tunashauri kila nyumba iandikwe kwa herufi tatu: A, mabati machache, B, nusu ya paa au zaidi, kuta nzima, C, ukuta umeanguka au umepasuka. Pembeni iandikwe idadi ya kaya, kwa sababu nyumba moja ya kupanga ina kaya tano, na kiungo kilichoachia: bati, papi, kenchi au ukuta. A inahitaji misumari na fundi kwa siku moja, leo hii. Ikisubiri wiki tatu katikati ya mvua inakuwa B. Kwa maoni yetu kilo tano za waya na boksi la misumari vingefika kabla ya blanketi, ila waya haupendezi kwenye picha ya makabidhiano.

Maturubai ya mita 4 kwa 6 yaliwasili. Mengi yalifungwa kwa kamba kwenye matundu ya pembeni, na jioni ileile upepo wa kawaida ukayachana. Turubai linaviringishwa kwenye ubao mwembamba mara mbili, kisha ubao ndio unaopigwa misumari kwenye kenchi, turubai likiwa limebanwa katikati. Livutwe hadi likaze. Likipigapiga litachanika tu.

Maji. Visima vilivyofunikwa na maji ya juu vimebeba vyoo pia. Chemsha hadi yatokote dakika moja kamili. Asiye na kuni kavu, na baada ya dhoruba ni wengi, atumie dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato. Soma lebo: yenye nguvu ya asilimia 5, matone 2 kwa lita, yaani 40 kwa ndoo ya lita 20. Yenye 3.5, matone 3 kwa lita. Maji yenye matope yachujwe kwanza kwa kanga safi iliyokunjwa mara nne, na kipimo kiongezwe maradufu. Yakae dakika 30. Yakifunguliwa yanukie klorini kidogo, yasiponukia rudia. Maji ya kuogea ya ziwani yakikaa siku mbili kwenye pipa lililofunikwa, vijidudu vya kichocho vinakuwa vimekufa. Akishaharisha mtu, lita moja ya maji salama, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko visawazishwe visijae kupita ukingo, huku akipelekwa zahanati.

Mihogo ililala mashambani. Shina likiinama mizizi ikapasua udongo, muhogo huo hausubiri. Siku mbili tatu baada ya kutoka ardhini unaanza kuharibika ndani. Kwa hiyo kila nyumba inamenya kwa pamoja, na hapo ndipo hatari. Muhogo mchungu unatakiwa uvundikwe siku kadhaa hadi ulainike ndipo uanikwe kuwa udaga. Njaa na mvua vinashawishi watu wafupishe. Sumu inabaki. Tarime, mwaka 1985, ukame ulipobana na watu wakakatisha hatua za kuutayarisha, walipatwa na konzo: miguu inapooza ghafla na hairudi ilivyokuwa. Anayegawa unga wa mahindi Ukerewe baada ya dhoruba ananunua pia hizo siku chache za kuvundika.

Siku ya 5: Ukara

Kivuko kutoka Bugolora hadi Bwisya. Hapa ndipo MV Nyerere ilipopinduka tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio, karibu kabisa na gati. Kiliruhusiwa abiria 101. Waliokufa walipita 220. Wala hapa hapakuwa na dhoruba. Siku mbili baadaye fundi wa kivuko alitolewa akiwa hai ndani, alikuwa amebaki kwenye chumba kilichoshika hewa. Ukiweka Bukoba na Nyerere pamoja, utaratibu wa mwalo wowote unajiandika: chombo kikipinduka na kinaelea, hakuna kutoboa wala kukata. Kifungiwe kamba na maboya kisizame zaidi, mtu agonge na kusikiliza, akijibiwa aendelee kugonga ili aliye ndani ajue, na wapiga mbizi waingie kutoka chini. Wakati huohuo simu zipigwe, Polisi 112 na Zimamoto 114.

Jaketi okozi tulizozikagua mwaloni zilikuwa nyingi kuliko tulivyotarajia, na nusu yake hazifai. Sifongo la ndani limekatika vipande kwa kukaliwa kama mto. Jaribio ni rahisi: liweke majini na jiwe la kilo 5 limefungwa, uliache usiku. Likizama, ni nguo. Mikanda ya kati ya miguu ilikuwa imekatwa kwenye karibu yote, kwa sababu inasumbua kukaa; bila mkanda huo jaketi linapanda usoni na mtu anazama akiwa amelivaa.

Wakara wanalima kila kipande na miti ina wenyewe, hivyo mbao za kujengea si za kuokota. Miti iliyoangushwa ipasuliwe mapema kabla wadudu hawajaingia, ila isipande juu ya paa ikiwa mbichi. Papi mbichi inanywea ikikauka, tundu la msumari linapanuka, na unakuwa umetengeneza dhoruba ijayo. Ipangwe kivulini, vijiti katikati ya mbao na mbao, wiki sita kwa uchache.

Dagaa walioloweshwa wakiwa mchangani wamekwenda kuwa chakula cha kuku. Waliokuwa juu ya vichanja vya wavu, kimo cha mita moja, walipona. Hayo ndiyo maelezo yote.

Siku ya 6: kurudi, na Igombe jioni

Meli ya asubuhi, ziwa limetulia kama kioo. Kiseke, upande wa Ilemela, ndiko iliko rada ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Rada inaona wingu na mvua yake. Mwalo hauna skrini hiyo, una simu ya mwenyekiti wa BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo. Taarifa inakuja kwa rangi: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Kwa ziwa, angalizo la upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2 ni tahadhari tosha kwa mtumbwi ambao ukingo wake uko sentimita 30 juu ya maji. Tatizo liko kwenye hatua ya mwisho: ujumbe unafika saa kumi na moja jioni, wakati injini zimeshafungwa na taa zimeshachajiwa. Bendera mlingotini, nyekundu au njano, inapandishwa bila data wala mtandao. Igombe tulikuta mlingoti upo, kamba imekatika. Tuliifunga.

Angalizo la jioni hiyo lilikuwa la njano. Lakini mwezi ulikuwa umebakiza siku nne kuanza kung'aa, na mbaamwezi ikishika dagaa hawafuati taa. Siku nne hizo ndizo za kulipia mafuta ya mwezi mzima. Vibarua wanalipwa kwa mgawo, asiyetoka hana mgawo. Saa kumi na mbili na nusu mitumbwi kumi na saba ilitoka chini ya bendera. Mmoja uligeuka kabla ya saa mbili, plagi ilikuwa inakatakata.